Stendi ya Mguu Mmoja na Kizibao cha Njano

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Hapa nyumbani wote wazima, wala hawajui kama nakuandikia. Baba akirudi kazini analala kitini na gazeti usoni, kama kawaida. Mama bado yuko kiwanda cha mikate, zamu ya asubuhi, anarudi ana unga hadi kwenye nyusi. Dada kafaulu mtihani. Mimi hakuna aliyeniuliza lolote kuhusu mitihani, na nawashukuru. Natumaini wewe na mkeo hamjambo, na kwamba mikasi yako bado inakata nywele na si masikio.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kuta za nyumba hii ni nyembamba mno. Nikipiga simu chumbani, mama anaitikia akiwa jikoni. Barua anakuletea yule dereva wa lori ambaye matairi yake nayahudumia mimi pale gereji. Ukijibu, mpe yeye yeye.

Sasa kaa. Nimepata kamera. Sijaiba, kunjua uso. Yule mpiga picha za harusi wa mtaa wa pili kaniachia kamera yake ya zamani pamoja na lenzi ndefu kama mkono wa mtoto, baada ya mimi kulifufua gari lake ambalo mafundi wawili walishalizika. Unajua uwanja wa mbio za pikipiki uko nyuma ya gereji yetu. Kila mwaka wanachukua mpiga picha mmoja mpya. Mwezi Juni, siku ya mazoezi kabla ya mbio za mwisho, wanaotaka wanaingizwa ndani ya uzio, wanapiga, msimamizi anakagua picha palepale kwenye kioo cha kamera. Anayemridhisha anapewa kizibao cha njano na anaingia ndani kuanzia mbio hizo za mwisho na msimu mzima ujao. Wengine wanarudi kushika waya pamoja na watazamaji. Mjomba, kile kizibao ni changu. Hao wengine wanakuja kunisindikiza.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Hiyo lenzi ni nzito, na mikono yangu, mikono hii hii inayobeba gia boksi kama sahani, inatetemeka. Kila picha inatoka kama ubao uliopanguswa kwa kiganja. Mwenye duka la vifaa vya picha anasema ninunue stendi ya mguu mmoja. Anazo mbili. Moja nyembamba, inang'aa, ina vipande vingi, ukiikunja inaingia mfukoni. Nyingine nyeusi, nene, ya chuma, ina vidole vitatu huko chini kama kuku. Mimi roho inapenda inayong'aa. Nichukue ipi?

Nakuuliza wewe kwa sababu kinyozi gani mwingine ana ukuta mzima wa pikipiki zilizolala kwenye kona mpaka goti la dereva linagusa lami? Nilipokuja likizo utotoni nilikuwa nanyolewa huku nazitazama, ndiyo maana nilikuwa situlii. Na kwa nini uliacha? Mtu anapiga picha za namna ile halafu anaishia kuchonga ndevu?

Mama asijue. Nikitaja uwanja, anazima redio, hata kama redio inasema habari za mvua. Na kamera yenyewe haijui. Ukimpa ataidhania mashine ya kukunia nazi, ataiosha na kuianika.

Mpwa wako, bingwa wa kesho.


9 Machi

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika na alama ya kidole cha grisi, kwa hiyo hata usingeweka jina ningejua. Sisi wazima. Mkaza mjomba wako mgongo umemkaa sawa, sasa ananituma zaidi. Samahani nimechelewa kujibu. Kulikuwa na mambo.

Inayong'aa iache dukani. Vipande vingi maana yake ni viungo vingi, na kila kiungo ni mahali pa kutikisika. Kile kipande cha mwisho huwa chembamba kama penseli. Stendi yenye vipande vinne inatosha. Chukua ile nene, lakini hivyo vidole vya kuku vifungue uviweke kabatini. Vinamfaa mtu anayepiga ndege aliyetua. Wewe utakuwa unageuka, na vidole vinataka kubaki vilipo. Iwe na kitako cha mpira cha mviringo, basi.

Hakikisha viungo vinafungwa kwa vibano vya kusukuma kwa kidole, siyo vya kuzungusha, ili uipandishe na kuishusha bila kutoa jicho kwenye kamera. Ikifunguliwa yote ipite macho yako. Utasema ya nini wakati wewe si twiga. Kando ya njia hakuna tambarare, kuna mteremko, na mguu wa stendi ukikaa chini kuliko wako utautafuta huo urefu. Ifunge kwenye pete iliyo kwenye lenzi, usiifunge kwenye tumbo la kamera, la sivyo uzito wote utakuvuta kwa mbele. Na kabla hujaondoka dukani, weka mikono juu yake uiegemee kwa mwili wako wote. Ikishuka, mwachie mwenye nayo.

Hayo mengine uliyoniuliza nimeyaona.

Kuhusu mashine ya kukunia, punguza mdomo.

Mjomba wako.


28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama kapandishwa cheo, sasa ndiye anayesimamia tanuri mbili, na sauti yake imepanda pamoja na cheo. Baba gazeti limebadilika, usingizi ni uleule. Mimi sijambo na nina habari za kukufurahisha.

Nimechukua ile nene. Niliiegemea, nikaning'inia, mwenye duka akaniuliza, "Kijana, unanunua au unapima afya?" Haikushuka hata kidogo. Vidole vya kuku nimevifungua. Halafu nikagundua kasoro ambayo wewe kinyozi usingeiona. Vile vibano vina pleyi. Ukishika juu ukatikisa, chini kunacheza kidogo, kama jino la mtoto. Nani aliyewahi kuona makanika anaacha pleyi kwenye kitu chake? Mteja akija na usukani unaocheza hivyo tunamzuia asiondoke.

Basi nikasimama wima, nikapima urefu sawasawa na jicho langu, nikamwita fundi wa kuchomelea. Viungo vyote tumevichomelea. Pete ya lenzi nimeikaza kwa spana. Sasa kuanzia ardhini hadi kwenye kioo ni kitu kimoja, hata ukikigonga na nyundo kinakujibu. Fundi wa kuchomelea alisema kazi kama ile inafaa kuwekwa kwenye geti. Tena nimekata mpira wa ndani wa tairi nikatengeneza mkanda, naifunga stendi kwenye kifundo cha mkono. Lori linaweza kunipitia na kamera isianguke.

Tatizo, picha bado hazijanyooka. Najifunzia kwenye pikipiki zinazopita mbele ya gereji. Ninyi wakubwa mnasema kitu kinachokimbia kinataka kamera ya kasi, nikaipandisha spidi hadi mwisho. Nyingi nimepata mkia tu. Moja imetulia vizuri, lakini ukiitazama, pikipiki imeganda kabisa. Magurudumu hayazunguki. Bosi wangu kaiona akauliza, "Huyu anamsubiri nani?"

Kwa hiyo nadhani lenzi ni mbovu. Unasemaje? Na hujaniambia kwa nini uliacha.

Mpwa wako asiye na pleyi.


19 Aprili

Mpwa,

Marahaba. Tu wazima. Nilianza kusoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikarudia. Kulikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, ikabidi angoje. Aliniuliza kama kuna msiba.

Umechomelea.

Mimi nimeona watu wakifanya mambo. Nimeona mtu aliyejinyoa nyusi kwa bahati mbaya akaja nimrudishie. Lakini hili lako sikuwa na pa kuliweka. Hata niliyemsomea aliniambia nisome tena pole pole, sehemu ya spana.

Kwanza huo mpira wa mkononi. Ukate leo. Weka barua chini, ukate, kisha urudi kusoma. Mtu anayetaka kitu cha kusimama palepale ananunua stendi ya miguu mitatu. Mguu mmoja ni kwa ajili ya mtu ambaye lazima aweze kuondoka. Inakupunguzia uzito, haikushikilii. Kitu kikija upande wako unaiachia iende inakotaka, na wewe unakwenda unakotaka. Kamera inanunuliwa tena.

Pili, ile pleyi uliyoiua ndiyo uliyokuwa unaihitaji. Stendi ni bawaba, wewe ndiye mlango. Legeza pete mpaka lenzi igeuke kwa kidole kimoja. Miguu yako ielekeze pale utakapomalizia, siyo pale pikipiki inapotokea. Jikunje kiunoni kuifuata inapotokea, halafu unajikunjua pamoja nayo, na kiuno ndicho kinachofanya kazi, mikono imelala tu. Bonyeza huku unaendelea kugeuka, na ukishabonyeza endelea kugeuka, usikatishe kama mtu aliyeitwa. Spidi ya kamera ishushe. Ishushe tena. Mpaka magurudumu yazunguke na nyuma kuwe mistari mitupu, na kofia ya dereva iwe kali kama sarafu mpya. Utaharibu nyingi kabla ya kupata moja. Lenzi haina ubovu wowote.

Tatu, jicho la pili libaki wazi. Nitakwambia hili kila barua.

Nne, acha kujifunzia na ule ufagio uani. Ni mwepesi mno, unakudanganya. Funga kitu kizito juu ya stendi yenyewe.

Mjomba wako.


11 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na uitikie ukiwa umenitazama usoni, maana nina swali.

Kwanza habari njema. Nimekata kila kitu. Fundi wa kuchomelea alisikitika kama tunabomoa nyumba yake. Tumechonga viungo upya, kimoja hakikupona, imebaki fupi kuliko zamani, lakini inapanda na kushuka. Pete inageuka kwa kidole. Nimeshusha spidi mpaka nikaona aibu. Juzi, baada ya mikia isiyohesabika, kuna pikipiki ya mbeba maziwa ilipita, nikajikunjua nayo, na nilipotazama kioo nilipiga kelele bosi akatoka chini ya gari. Mjomba, magurudumu yanazunguka. Jengo la nyuma limekuwa mistari. Kofia kali. Madebe ya maziwa nayo makali. Sijui nilifanyaje, na sijarudia tangu siku hiyo, lakini nilifanya.

Sasa swali. Ufagio umeujuaje?

Nimezirudia barua zangu kichwani, neno kwa neno. Sikuandika ufagio popote. Ningeandika? Mwanaume mzima, anazungusha ufagio uani? Dereva wa lori hajawahi kufika kwetu. Baba hajui hata kama uani kuna ufagio. Na uliyemsomea barua yangu akataka sehemu ya spana ni nani? Mkeo, ambaye akisikia neno spana anadhani ni aina ya samaki?

Na mama siku hizi simwelewi. Majuzi nilikuwa mlangoni najifunza kugeuka, stendi na ndoo juu yake, nimemwambia nabuni kifaa cha kuchotea oili. Akapita na beseni la nguo, akanisukuma nyonga kwa goti lake, akaenda zake. Nikajua nimemzibia njia. Lakini ajabu, pale aliponisukumia ndipo nilipogeuka vizuri.

Tuyaache. Nimeshachagua pa kusimama siku ya majaribio. Upande wa nje wa kona ya mwisho, jirani kabisa na lami, pale penye ukuta wa matairi. Pikipiki zinakuja zinakutazama machoni. Nimechungulia siku nyingi na hakuna mpiga picha anayesimama pale. Waoga watupu. Wanajazana upande wa ndani, wote wanapata picha moja. Mimi nitapata ambayo hawana.

Mpwa wako, anayengoja jibu la ufagio.


15 Mei

Mpwa wangu,

Nimemzuia dereva kabla hajageuza lori. Nimeandika nimesimama, na salamu utazipata siku nyingine.

Usisimame pale. Hawasimami pale kwa sababu kila anayeteleza kwenye kona ile anatupwa nje, na nje ndipo hapo. Simama ndani ya kona, rudi nyuma, juu ya kile kituta, kushoto kwa mti wa bendera. Maneno haya si yangu. Hakuna neno lolote la barua zangu kuhusu kamera lililowahi kuwa langu.

Mimi sijapiga picha ya pikipiki maishani mwangu. Mimi nilibeba begi. Zile picha ukutani kwangu alizipiga mama yako.

Kaa kwanza kama hukukaa.

Kabla hujazaliwa dada yangu alikuwa na kizibao cha njano cha uwanja huohuo. Mimi nilikuwa nambebea lenzi na stendi na maji ya kunywa, na sifa yangu ilikuwa kutozungumza. Siku moja alisimama nje ya kona ya mwisho, palepale, amejifunga stendi mkononi kwa ukanda ili isianguke. Alifumba jicho moja. Aliyekuwa anamfuata kwenye lenzi alipita salama, wa nyuma yake hakuonekana. Pikipiki ilikuja peke yake, imelala, ikapita na stendi. Ukanda ulikatika, na hilo ndilo lililomwokoa, lakini ulimburuta kwanza. Tulipofika hospitali ndipo alipoambiwa kuwa ana mimba. Ni wewe.

Hakuacha kwa woga. Alisema anapumzika mpaka utembee. Halafu ukatembea, halafu ikawa kuna kiwanda cha mikate, halafu ikawa hakuna anayeuliza. Picha akaniletea mimi, akasema zikikaa kwake zitamtazama. Wateja walidhani ni zangu, na sikuona haja ya kubishana na mtu mwenye wembe shingoni.

Barua yako ya kwanza ilipofika nilimpigia simu kumwuliza kuhusu stendi. Tangu hapo namsomea barua zako kwa simu, anangoja siku yake ya mapumziko, ananijibu, mimi nakuandikia. Ndiyo maana nachelewa. Nilitaka nikwambie tangu mwanzo, akakataa. Alisema, "Akijua ni mimi atafanya kinyume. Maneno ya mama yake hayamkai. Ya mjomba yatamkaa." Leo nimemsomea sehemu ya ukuta wa matairi, akasema, "Mwambie. Mwambie yote, leo hii."

Na ndiyo, nimemsomea barua zote kama zilivyo. Mashine ya kukunia nilimsomea pia. Alitaka irudiwe.

Mjomba wako.


23 Juni

Mjomba,

Shikamoo, ingawa sijui kama bado unastahili.

Barua yako niliisoma nikiwa chini ya gari. Nilipofika kwenye "mama yako" niliinuka. Huwezi kuinuka ukiwa chini ya gari. Bosi alinitoa kwa miguu, akauliza nimegongwa na nini, nikamwambia mama. Bado nina nundu.

Nilikaa siku nzima sijui niende nyumbani kwa uso gani. Mjomba, wewe hujui ninayoyasema kuhusu mama gereji. Nilikuwa nasema hawezi kubadili kituo cha redio. Jioni nikaingia, anakunja nguo kitandani, hakuinua kichwa.

"Mama."

"Mjomba wako kaandika, eh."

"Ni kweli?"

"Kipi? Kwamba siwezi kutofautisha kamera na mashine ya kukunia?"

Akaendelea kukunja. Suruali zangu alizikunja vizuri kabisa, hilo ndilo lililoniumiza.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikiliza?"

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nikaanza kukunja soksi zangu mwenyewe. Akacheka. Akaniambia nilete hiyo stendi aone tulivyoikatakata. Aliishika, akaibonyeza, akaigeuza huku na huku, akasema fundi wa kuchomelea apigwe marufuku mtaani. Halafu akaishusha kwa kidole gumba bila kutazama, kitu ambacho mimi bado natumia mikono miwili na ulimi nje. Nilishtuka upya. Yale maneno nilikuwa nayajua kwa barua, lakini kidole gumba chake nilikuwa sijakiona.

Siku ya majaribio akaomba ruhusa kazini. Nilimwambia hataruhusiwa kuingia, akasema atashika waya kama watu wengine. Getini kulikuwa na msimamizi, mzee mnene mwenye kofia, mkali. Watu wote tuliokuja kujaribu alituita "nyinyi nyinyi." Aliniuliza, "Wewe umewahi kushika kamera au umeokota?" Kisha akamwona mama nyuma yangu. Mjomba, yule mzee alivua kofia.

"Jicho," alisema. "Upo?"

"Nipo."

"Watu walisema umehama."

"Nimehamia kwenye mikate."

Akafungua geti lote, kama vile linaingia gari. Hujawahi kuniambia kuwa alikuwa akiitwa Jicho. Kuna siku nitakaa nikuulize mambo yote uliyoyabana, tukianzia hapo.

Tulisimama ndani ya kona, juu ya kituta, kushoto kwa mti wa bendera. Pikipiki zikaanza. Barabarani mbeba maziwa anapita mmoja mmoja. Pale wanakuja kundi, na sauti inakuingia kupitia miguu. Nilisahau kila kitu. Nilikaza pete. Nilifumba jicho. Nilibonyeza kwa kushtuka. Mama alikuwa nyuma yangu tu, na mara mojamoja naona goti linanisukuma nyonga. Taratibu nikaanza kujikunjua. Nilipata mbili zinazofaa, Mjomba, nakuapia. Si kali kama sarafu. Kali kama sarafu iliyokaa mfukoni.

Muda ulikuwa unakwisha. Mikono ilikuwa imekufa ganzi nikasema, kwa utani tu, "Shika basi, Jicho, tuone kama bado upo."

Akaishika. Alifuta mikono kwenye gauni kwanza, kisha akaipandisha stendi kidogo, akasimama miguu yake imeelekea kule mbali, mwili umejikunja upande wa pili. Macho yote mawili wazi. Mimi nilikuwa natazama uso wake badala ya pikipiki, na sikumjua. Kweli kabisa, Mjomba, yule mwanamke sikumjua. Anayenigombeza kwa ajili ya soksi hakuwepo. Pikipiki ikatokea, akajikunjua nayo kama mlango usio na sauti, ikapita, na yeye akaendelea kugeuka. Akafanya hivyo mara chache, akanirudishia, akatazama pembeni.

Msimamizi akaja kukagua. Anachukua kamera ya kila mtu, anabonyeza, anabonyeza, uso kama ukuta. Kwenye yangu alibonyeza hivyohivyo, kisha akaacha. Akainua kioo kukikinga na jua.

"Hii nani kapiga?"

Nikachungulia. Dereva amelala kwenye kona, goti chini, na unaweza kuhesabu mishono ya glavu yake. Kila kitu kingine duniani kimekuwa mistari.

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema mama akasema, "Kapiga yeye."

Mama yangu, Mjomba. Yule aliyenichapa nikiwa mdogo kwa kusema nimepiga mswaki wakati sijapiga. Anamtazama mzee wa watu machoni na kudanganya, uso umetulia kama sinia la mikate. Nilishtuka kuliko siku ile chini ya gari. Na msimamizi tayari mkono uko kwenye mfuko alikoweka kizibao. Nilikiona. Kilikuwa cha njano kweli. Nilikuwa nimeshafikiria pa kukitundika gereji, na namna nitakavyopita nacho mbele ya bosi taratibu, mara mbili.

"Si mimi," nikasema. "Hiyo ni yake. Zangu ni mbili, rudi nyuma utaziona. Ile ya kofia nyekundu, na ile nyingine ambayo tairi halikuingia lote."

"Nyamaza," mama akaniambia kwa mdomo wa pembeni.

"Sinyamazi. Mtazame miguu alivyosimama halafu unitazame mimi. Kweli mimi napiga hivi?"

Msimamizi akarudi nyuma akaziona zangu mbili. Akazitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akasema, "Wewe rudi mwakani, hujapotea kabisa." Kisha akamvisha mama kizibao yeye mwenyewe, juu ya gauni la kazini. Mama alisema hataki, ana tanuri mbili za kusimamia. Alisema hivyo huku anafunga vifungo.

Mbio zenyewe zilikuwa Jumapili. Yeye alikuwa juu ya kituta na kamera yangu, na stendi yangu iliyokatwakatwa. Mimi nilikuwa nje ya uzio, nimeshika waya na begi lake, nimeambiwa nisiondoke na nisiongee na mtu. Hilo la pili nimelivunja. Pembeni yangu kulikuwa na jamaa na rafiki zake, wamemkodolea macho.

"Yule mama ni nani?" akauliza. "Tazama anavyogeuka."

Mjomba, ningeweza kumwambia kwamba yule ni mama yangu, na jamaa angeniamini. Lakini unanijua.

"Yule?" nikamwambia. "Ile stendi nilimchagulia mimi."

Mpwa wako.